Wi-Fi ya bure: mwizi havunji mlango, sisi ndio tunamfungulia

Hapa Runingu, katikati ya Kiliba na Sange kwa barabara ya taifa namba 5, mega zinamalizikaka mbele ya mwezi kuisha. Mchimbaji akirudi toka Misisi ao Kamituga, kiisha kusalimia watoto na kula, anauliza: rezo iko fasi gani? Mama anayetwanga mawe anataka kuona picha ya mtoto wake aliye Bujumbura. Kijana wa sekondari anatafuta matokeo ya mtihani. Kila mmoja anajua fasi ambako Wi-Fi inashika bure: kwa duka fulani, kwa hoteli ya Uvira, kwa ukuta wa shirika fulani, kwa ofisi ya mnunuzi wa zahabu. Jioni utawaona wamesimama karibu na ukuta, simu mkononi.

Sisi wa sendika hatuji kusema: muache. Intaneti ni chombo cha kazi sawa vile tochi na nyundo. Bei ya zahabu inapangwa mbali sana na shimo letu, na asiyejua bei ya dunia anauza kwa bei ya mdomo wa mnunuzi. Mwezi wa Oktoba 2025, bei ya dunia ilipita dola 4,000 kwa wonsi moja. Wonsi ya zahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja ya zahabu safi ilifika karibu dola 128. Zahabu yetu haitoki shimoni ikiwa safi kabisa, na mnunuzi naye ana gharama zake, lakini mtu anayejua hesabu hiyo hadanganywi sawa na mwenye hajui. Mchimbaji akinyimwa intaneti, amenyimwa mizani.

Basi neno letu leo ni hili: tutumie Wi-Fi ya bure, lakini tujue feza zinatokaka wapi wakati zinapotea. Watu wengi wanafikiri mwizi anavuta feza hewani, kupitia mawimbi. Leo hii mara nyingi haiko hivyo. Mwizi anakuomba, na wewe unampa.

Zamani hewa ilikuwa wazi

Hofu ya zamani haikuwa ya bure. Mwezi wa Oktoba 2010, Mmarekani mmoja, Eric Butler, alitoa programu ndogo inayoitwa Firesheep. Mtu aliyekaa mkahawani na kompyuta yake, kwa Wi-Fi isiyo na neno la siri, aliweza kuona wale waliofungua Facebook kwa Wi-Fi hiyo hiyo, akabofya jina, akaingia ndani ya akaunti sawa vile ni yake. Butler alisema wazi kwamba alitaka makampuni makubwa yaone haya na yafunge milango. Yalianza kufunga. Facebook ilitoa njia ya kufunga mazungumzo Januari 2011, na mwaka 2013 ikaifanya ya watu wote.

Kufunga huko ndiko kunaonyeshwa na zile herufi "https" mbele ya anwani, ao na kufuli dogo. Maana yake: maneno yako yanatoka kwa simu yakiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na yanafunguliwa tu kule yanakokwenda. Anayekaa katikati anaona bahasha inapita, hasomi barua. WhatsApp nayo ilimaliza kufunga ujumbe wa watu wote mwezi wa Aprili 2016. Tangu hapo, ujumbe unaomtumia bibi yako unasomwa na simu yako na simu yake tu, hata kama umepita kwa Wi-Fi ya mtu mwingine.

Kufuli la Wi-Fi yenyewe, lile neno la siri tunaloombaka mwenye duka, nalo ni kitu kizuri, lakini halitoshi. Oktoba 2017, mtafiti wa chuo kikuu cha Leuven kule Ubelgiji, Mathy Vanhoef, alionyesha kwamba kufuli lililokuwa linatumika karibu dunia yote lilikuwa na tundu. Makampuni yakatengeneza dawa, na dawa hiyo inakujaka kwa njia ya ile "mise à jour" ambayo simu inakuomba. Simu nyingi za kwetu ni okazioni, zimepita mikono mitatu mbele ya kufika Runingu, na wengi tunabofya "plus tard" kila mara. Ndugu, ukipata Wi-Fi nzuri na simu ikiomba mise à jour ndani ya paramètres zake zenyewe, iachie ifanye. Ile inayoombwa na ukurasa uliojifungua peke yake, ikatae.

Mwenye Wi-Fi anaona nini

Swali hili tunaulizwaka sana ndani ya mikutano, zaidi na wale wanaotumia Wi-Fi ya mnunuzi ao ya PDG wa shimo. Bosi anaweza kusoma mazungumzo yetu?

Jibu ni kwamba mwenye Wi-Fi anaweza kuona ni mlango gani umegonga, saa ngapi, na umekaa muda gani. Anaweza kujua kwamba simu fulani ilifungua WhatsApp saa mbili za usiku, ao ilitembelea tovuti fulani. Yale uliyosema ndani ya WhatsApp, haoni. Kwa hiyo mwanasendika anayepanga mkutano kwa Wi-Fi ya bosi hasomwi maneno yake, lakini asifikiri kwamba haonekani kabisa. Na tusisahau njia ya kizamani: mtu mmoja wa groupe anachukua simu yake na kumwonyesha bosi. Hapo hakuna kufuli linalosaidia.

Jina moja, Wi-Fi mbili

Hatari kubwa ya leo ni pacha. Simu yako inakumbuka Wi-Fi kwa jina lake. Ikiwa uliwahi kuingia Wi-Fi isiyo na neno la siri, inayoitwa tuseme "Hotel Gratuit", kesho ikikutana na nyingine wazi yenye jina hilo hilo, inaweza kuingia peke yake bila kukuuliza, hata kama hii ya pili iko ndani ya mfuko wa mwizi. Simu inajua jina, haijui uso.

Tuchukue kesi iliyofika mahakamani. Aprili 2024, kule Australia, wafanyakazi wa kampuni ya ndege waliona Wi-Fi ya ajabu wakati ndege ikiwa hewani. Polisi walipekua mizigo ya mtu mmoja kwa uwanja wa ndege wa Perth. Alikuwa anabeba mashine ndogo inayotoa Wi-Fi yenye jina sawa na ile ya kweli. Msafiri akiingia, ukurasa unafunguka na kumwomba anwani ya barua pepe na neno lake la siri, ao aingie kwa akaunti yake ya mitandao. Msafiri anaandika, na mwenye mashine anachukua. Mwezi wa Novemba 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na miezi 4.

Tuangalie vizuri: mtu huyo hakuvunja bahasha yoyote. Alitengeneza ukurasa, akaomba, watu wakampa. Hiyo mashine haiko kubwa wala haiko ya matajiri tu, na hata simu ya kawaida inaweza kugawa rezo kwa jina lolote mwenyewe anataka. Kilichowezekana kwa ndege ya Australia kinawezekana kwa parking ya Uvira, kwa Kavimvira mpakani, na kwa soko la Sange.

Na kufuli la "https" halituambii kwamba mwenye ukurasa ni mtu mwema. Linasema tu kwamba bahasha imefungwa. Tangu mwisho wa mwaka 2015, kuna shirika linalotoa makufuli hayo bure kwa yeyote mwenye tovuti, na hiyo ilisaidia dunia sana, lakini mwizi naye anapata lake. Bahasha iliyofungwa vizuri inaweza kuwa inaenda kwa mwizi. Kwa hiyo usiangalie kufuli tu, soma jina la tovuti herufi kwa herufi.

Vitu vitatu ambavyo usiipe Wi-Fi

Wi-Fi ya kweli inaweza kukuomba neno lake la siri. Inaweza kukuomba ubofye "j'accepte". Mara nyingine inaomba namba ya simu ao jina. Lakini kuna vitu vitatu ambavyo usivitoe kwa ukurasa wa Wi-Fi ya bure, hata siku moja.

Cha kwanza ni namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Ukurasa ukikuambia "weka PIN yako upate giga 5 za bure", huo ni ukurasa wa mwizi, hata kama una rangi na alama za kampuni.

Cha pili ni kode inayoingia kwa SMS. Hapa ndipo wengi wanaanguka. PIN peke yake haimtoshi mwizi, juu laini yako iko kwako. Anahitaji kitu cha kuthibitisha kwamba yeye ni wewe, na kitu hicho ni kode. WhatsApp ni hivyo hivyo: mtu akiandika namba yako kwa simu yake, WhatsApp inatuma kode ya tarakimu 6 kwa laini yako. Ukurasa wa Wi-Fi unakuambia: "Tumekutumia kode, iandike hapa ili kuungana." Unaandika. Kiisha dakika moja WhatsApp yako imehamia kwa simu ya mwizi, na anaanza kuandikia ndugu zako wote: "Niko hospitali, nitumie dola 50, nitakurudishia kesho." Ndugu wanatuma, juu wanaona ni jina lako. Hapo hakuibiwa mtu mmoja, umeibiwa ukoo mzima.

Cha tatu ni picha ya karta. Kwetu karta ya mpiga kura ndiyo kitambulisho, ndiyo tunaonyesha wakati wa kuandikisha laini ya simu. Mchimbaji ana vilevile karta yake ya creuseur. Mtu mwenye picha ya karta yako na namba yako anaweza kwenda kuomba laini mpya kwa jina lako, kusema ya zamani imepotea. Picha hizo usiziweke kwa ukurasa wowote wa Wi-Fi. Na zile ulizo nazo ndani ya simu, usizitawanye ndani ya groupe za WhatsApp.

Feza zipitie njia yake

Kuna jambo moja ambalo wengi hawajui na linaondoa hofu nyingi. Unapotuma feza kwa njia ya nyota na dièse, yaani ile unaandika kwa kibodi ya kupiga simu na menyu inatokea, hiyo haipiti kwa Wi-Fi kabisa. Inapita kwa rezo ya laini yako, moja kwa moja kwa kampuni. Hata ukiwa umesimama ndani ya Wi-Fi ya mwizi mkubwa, yeye haioni. Anayeweza kuiona ni jirani anayechungulia vidole vyako, kwa hiyo funika mkono.

Programu ya kampuni, ile unayofungua kwa picha yake kwa skrini, hiyo inapita kwa intaneti. Ikiwa ni ya kweli, umeitoa kwa Play Store ao App Store, imefungwa vizuri. Hata hivyo shauri letu ni rahisi: feza zipite kwa nyota na dièse, ao kwa mega zako mwenyewe. Wi-Fi ya bure ibaki ya habari, masomo, bei ya zahabu, picha na sauti za jamaa. Mega kidogo za kutuma feza zinagharimu kidogo sana kuliko mshahara wa wiki mbili ndani ya shimo.

Huku mpakani kuna jambo lingine: simu zetu zinakamataka rezo ya Burundi. Menyu ya feza ikikataa, usikimbilie ukurasa unaokuja wenyewe kusema "tutakusaidia". Ngoja rezo yako irudi.

Mbele ya kuungana, na kiisha kuungana

Mambo tunayofundisha ndani ya mikutano ni haya, na hata mzee asiyesoma anaweza kuyashika akionyeshwa mara moja.

Uliza mwenye fasi jina kamili la Wi-Fi yake. Ukiona mbili zinazofanana, usiingie yoyote mpaka aje aonyeshe.

Ondoa "connexion automatique" kwa Wi-Fi za nje. Ukiondoka na hutarudi, bofya "oublier le réseau". Ukiwa njiani, zima Wi-Fi. Batri nayo itakushukuru.

Weka "vérification en deux étapes" kwa WhatsApp: paramètres, kiisha compte. Ni namba 6 unazochagua mwenyewe. Hata mwizi akipata kode ya SMS, atasimama hapo. Usichague mwaka wa kuzaliwa.

Usipokee programu inayotolewa na ukurasa wa Wi-Fi. Na kwa kuwa tunatumiaka Wi-Fi ya bure kushusha vitu vizito, tuseme wazi: zile WhatsApp za rangi rangi, GB na ndugu zake, si za kampuni ya WhatsApp. Anayezitengeneza hatumjui, na zinakaa ndani ya mazungumzo yetu yote.

Vijana watauliza: na VPN? Wengi walijifunza kuitumia wakati mitandao ilifungwa, sawa vile X na TikTok mwezi wa Februari 2025. VPN nzuri inaficha milango unayogonga, mwenye Wi-Fi hazioni tena. Lakini sasa anayeziona ni mwenye VPN. Umehamisha imani toka kwa mtu wa duka, unayemjua, kwenda kwa mtu usiyemjua. Ikiwa ni ya bure kabisa, jiulize anakula nini. Na VPN haikuzuii kuandika PIN yako kwa ukurasa wa uongo.

Ikiwa tayari umetoa

Haya isikuzuie. Dakika za kwanza ndizo zina maana. Piga huduma ya kampuni yako ya simu, omba akaunti ya feza isimamishwe, badilisha PIN. Ikiwa laini imekufa ghafla, enda kwa shop ya kampuni na karta yako siku hiyo hiyo, juu inaweza kuwa mtu amechukua namba yako. WhatsApp ikihama, iandikishe upya kwa simu yako na namba yako: kode mpya itakuja kwako na mwizi atatolewa. Ikiwa mwizi ameweka namba 6 zake, utangoja siku 7 mbele ya kuingia, lakini yeye anatolewa hapo hapo. Waambie ndugu na groupe zote kwa sauti, kwa kupiga simu, wasitume feza.

Piga picha ya skrini, andika namba zilizopokea feza, saa na siku. Nchi yetu ina sheria: Code du numérique, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Inaadhibu kuingia bila ruhusa ndani ya mfumo wa mtu na inalinda habari za watu binafsi. Malalamiko bila ushahidi yanalala, malalamiko yenye namba na picha yana miguu.

Tunaomba nini

Kazi hii haiko ya mchimbaji peke yake. Wenye Wi-Fi nao wana deni. Siku hizi sahani ndogo za satelaiti zinaongezeka, na Starlink ilipata ruhusa ya kufanya kazi Congo mwezi wa Mei 2025. Kila mwenye duka anayegawa rezo anakuwa kampuni ndogo ya intaneti, bila kujua.

Kwa hiyo tunawaomba wanunuzi wa zahabu, ma-PDG, wenye hoteli na wenye maduka mambo matatu. Bandikeni karatasi ukutani yenye jina kamili la Wi-Fi na maneno haya: "Hatuombi PIN, hatuombi kode, hatuombi karta." Wekeni neno la siri, na mubadilishe lile la kiwanda lililo chini ya mashine. Na musitumie Wi-Fi kupeleleza nani anaongea na nani ndani ya sendika. Mchimbaji anayejua kwamba analindwa atarudi kwa duka hilo.

Na sisi wenyewe, ndani ya kila kamati ya msingi, tuchague kijana mmoja ao msichana mmoja anayejua simu. Dakika kumi mwishoni mwa mkutano zinatosha: kuweka zile namba 6 za WhatsApp kwa simu ya mzee, kumwonyesha mama twangeuse menyu ya nyota na dièse, kufuta programu ya uongo. Zahabu tunaitoa gramu kwa gramu, kwa jasho, na wengine wanaacha uhai ndani ya shimo. Haifai iondoke kwa tarakimu sita tulizoandika wenyewe.